“Umeingia Kwenye Kumi na Nane Zangu”: Kumi na Nane Zipi?

Swali hili limetoka kwa binti mmoja fundi cherehani, mkazi wa Ngamiani, Tanga mjini. Nimelifupisha kidogo:

“Shikamoo mwalimu. Juzi mteja wangu alinifuma sokoni, na gauni lake la harusi ya mdogo wake bado sijalimaliza. Akanishika bega, akacheka, akasema: ‘Leo umeingia kwenye kumi na nane zangu, hutoki!’ Nilicheka nami, ila swali likanibakia. Hapa kibarazani kwetu mzee mmoja anasema msemo huo umezaliwa hapahapa Ngamiani, Barabara ya Kumi na Nane, eti zamani ukiikatiza usiku hutoki salama. Shemeji yangu ni dereva wa malori, yeye anasema ni tairi kumi na nane za semitrela, ukiingia chini yake hesabu umekwenda. Mdogo wangu wa kidato cha nne anasema ni miaka kumi na nane ya sheria. Nani mkweli? Na yule dada alinitukana?”

Marahaba, mwanangu. Nianzie mwisho, maana naona ndipo panapokuwasha: hakukutukana. Alikutania, na utani wenyewe kauokota uwanja wa mpira. Kumi na nane hizo ni yadi. Ni lile boksi kubwa lililopigwa chokaa mbele ya goli, ambalo vitabu vya sheria huliita eneo la adhabu, watangazaji huliita eneo la hatari, na sisi wa jukwaa la mzunguko tunaliita kumi na nane, basi. Kuingia kwenye kumi na nane za mtu ni kufika mahali ambapo yeye ndiye mwenye nguvu na wewe huna pa kukimbilia. Mwenye deni akigongana na mdai wake kwenye foleni ya benki, ameingia kwenye kumi na nane zake. Mwizi aliyeruka ukuta usiku akaangukia ua wa kituo cha polisi, hali kadhalika.

Ningeweza kuishia hapo, ukarudi kwenye cherehani yako. Lakini ukimpelekea mzee wa kibarazani jibu tupu namna hiyo atakuuliza, “Nani kasema?” nawe utakosa la kumjibu. Tena mimi maelezo ya vijiweni nayapenda, hata yakiwa si ya kweli. Kwa hiyo vuta kigoda.

Tuanze na mzee. Kwa asiyeijua Tanga, mitaa ya Ngamiani inaitwa kwa namba: barabara ya kwanza, ya pili, ya tatu, unakwenda hivyo hivyo. Mtu akikuelekeza nyumba ya shughuli atakwambia “barabara ya kumi na mbili, utaona turubai”, na hutapotea. Sasa mtu aliyekulia humo akisikia “kumi na nane” lazima akili yake imkimbilie mtaani, kama mtoto wa Pangani akisikia “mto” asivyowaza mto mwingine. Ndivyo neno linavyovutwa nyumbani. Wenzetu wa Bagamoyo wanalo la kwao: mmoja atakwambia jina la mji ni bwaga moyo, mtumwa aliyefika pwani akakata tamaa, mwingine atakwambia ni mpagazi aliyefika mwisho wa safari, akatua mzigo, moyo ukapumzika. Neno lilelile, kila mmoja kalisikia kwa machungu au kwa nafuu ya kwake.

Ila mzee wako nina dawa yake, wala haihitaji kitabu. Mwambie amalizie sentensi hii: “Usipite barabara ya kumi na nane…” yangu, au zangu? Atasema yangu. Hana budi, barabara ni moja. Kisha mkumbushe mteja wako alisema nini. Alisema kumi na nane *zangu*. Hapo ndipo ushahidi ulipo, mwanangu, na uliutamka wewe mwenyewe bila kujua kwamba umeutamka. Nomino imeanguka njiani zamani, hakuna anayeitaja tena, lakini kivumishi chake kimebaki pale pale kikiionyesha kidole. Zangu ni za kitu kilicho katika ngeli ya I-ZI, na kiko kwenye wingi. Yadi moja, yadi kumi na nane. Yadi yangu, yadi zangu. Inakaa kama kitasa na ufunguo wake.

Mdogo wako naye anaangukia papo hapo. Miaka iko ngeli ya U-I: mwaka wangu, miaka yangu. Kama msemo ungezaliwa na umri, leo tungesema “umeingia kwenye kumi na nane yangu”. Na mwalimu wa zamani mwenye fimbo mkononi angedai zaidi ya hapo, miaka kumi na *minane*, maana nane hukubali kiambishi: watu wanane, vitabu vinane, miaka minane. Kwa yadi hakuna kiambishi, ni nane kavu. Hoja hii ya pili siitegemei sana, kwa kuwa mitaani hata miaka watu huihesabu kwa nane kavu, na anayesema minane huonekana ana maringo. Lakini ile ya zangu haipindishiki. Mwambie tu mdogo wako kwamba kisheria yuko sawa, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kweli inamtaja mtoto kuwa ni aliye chini ya miaka 18. Ni kwamba sheria hiyo imekuta msemo una mahali pengine pa kulala.

Shemeji yako ana bahati kidogo, maana tairi wengi wetu tunaitia I-ZI: “tairi zimeisha”, “tairi zangu mpya”. Sarufi peke yake haimfukuzi. Kinachomfukuza ni mazingira. Sikiliza watu wanavyosema: *kwenye* kumi na nane, *ndani ya* kumi na nane. Tairi huingiwi ndani yake. Ungekwenda *chini ya* tairi, kama alivyosema mwenyewe, na sijapata kumsikia mtu akitisha mwenzake kwa “utaingia chini ya kumi na nane zangu”. Halafu lori haliko peke yake barabarani, lakini kumi na nane wana jamaa zao uwanjani, na jamaa hao ndio wanaowasemea. Mtangazaji akisema “mpira umedondoka ndani ya sita” anataja boksi dogo, yadi sita. Sita, kumi na nane: wote wametoka kwenye kamba moja.

Na kamba hiyo nimeiona kwa macho yangu. Miaka ya nyuma nilikuwa nikishika kibendera kwenye mashindano ya mtaani, si kwa kusomea sana, ni kwa kupenda tu. Asubuhi moja nilifika uwanjani mapema, uwanja wa vumbi wenye minazi upande wa bahari, nikamkuta mzee anayechora mistari yuko kazini. Zana zake zilikuwa tatu: ndoo ya chokaa, kopo la maziwa ya unga lililotobolewa kitako kwa msumari, na kamba ya katani. Kamba ya katani Tanga si ajabu, lakini hii ilikuwa na mafundo. Aliifunga ncha kwenye mguu wa goli, upande wa ndani, akaivuta kufuata mstari wa goli kuelekea kibendera cha kona. Fundo la kwanza akalipita, la pili akalipita, la tatu akachomeka kijiti. Akahamia mguu wa pili wa goli, akafanya vile vile upande wa pili. Kisha akarudi kwenye vile vijiti na kuivuta kamba kwenda mbele, kuelekea katikati ya uwanja, mpaka fundo la tatu tena. Nikamuuliza mafundo yale ni ya nini. “La kwanza sita, la pili kumi na mbili, la tatu kumi na nane.” Sita ni boksi dogo, kumi na mbili ni nukta ya penalti, kumi na nane ndio wenyewe. Nikamuuliza hiyo ni mita ngapi. Akanitazama kama nimemuuliza kamba ina umri gani.

Umeona alichokifanya? Kumi na nane kushoto ya goli, kumi na nane kulia, kumi na nane kwenda mbele. Goli lenyewe ni yadi 8, kwa hiyo upana wa boksi zima ni 18 na 8 na 18, yaani yadi 44. Boksi limetengenezwa kwa kumi na nane tatu. Lilistahili jina lake.

Siku ile chokaa iliisha kabla ya mistari kwisha, upande wa bahari ukamaliziwa kwa majivu ya mama lishe. Kipindi cha kwanza mambo yalikuwa shwari. Kipindi cha pili upepo wa kusi ukawa umeshafagia majivu yote, na dakika zimebaki chache, beki akamkwatua mshambuliaji palepale mstari ulipokuwa. Ndani! Nje! Uwanja ukaingiliwa. Mwamuzi akanitazama mimi, mimi nikatazama vumbi. Aliyetuokoa ni yule mzee, alikuja na kamba yake begani, akaifunga kwenye mguu wa goli, akavuta, na alama ya kisigino cha beki ikaonekana imeangukia fundo lenyewe, si ndani wala nje. Sheria inasema mstari ni sehemu ya boksi. Penalti. Sitakwambia tuliondokaje pale uwanjani, ila kibendera niliacha.

Sasa yadi 18 zilitoka wapi, maana hazikutoka Tanga. Mchezo huu sheria zake ziliandikwa Uingereza, na mwanzoni hapakuwa na boksi wala penalti. Aliyetaka iwepo adhabu ya pigo moja alikuwa William McCrum, mtu wa kijiji cha Milford huko Ireland. Utampenda, maana familia yake ilikuwa na kiwanda cha kitani, yaani watu wa vitambaa kama wewe. Na alikuwa kipa. Kipa ndiye aliyewaletea makipa wote wa dunia balaa la penalti. Sheria ilikubaliwa mwaka 1891, lakini hata hapo palichorwa mstari tu wa yadi 12 kukatiza uwanja wote, na mpigaji alichagua pa kuweka mpira popote juu ya mstari huo. Boksi kama tunalolijua, lenye yadi 18 na nukta yake, lilikuja mwaka 1902. Lile pinde la juu ya boksi, ambalo watoto huliita D, liliongezwa mwaka 1937.

Leo kwenye karatasi boksi ni mita 16.5. Hakuna mtu, Tanga wala Tandahimba, aliyewahi kusema “umeingia kwenye kumi na sita na nusu zangu”. Vipimo vimebadilishwa, msemo umekataa kuhama.

Hapa niruhusu nichepuke, kwa sababu wewe ni fundi. Kabla ya futi yako ya kupimia, watu wa pwani walipima nguo kwa viungo vyao. Shibiri ni kutoka ncha ya dole gumba mpaka ncha ya kidole kidogo, mkono umekunjuliwa. Shibiri mbili zinafanya mkono mmoja, ndio dhiraa, kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Mikono miwili ni wari, nayo wari ndiyo yadi yenyewe kwa jina la zamani. Bibi yako huenda alilitumia dukani. Mikono minne ni pima, mikono yote miwili ikinyooshwa kushoto na kulia. Piga hesabu: wari 18 ni pima tisa. Kama boksi lingechorwa na wavuvi wa Sahare badala ya Waingereza, mteja wako juzi angekushika bega na kukwambia, “Leo umeingia kwenye pima tisa zangu!” Na zangu ingekaa pale pale, maana pima nayo ni I-ZI.

Turudi. Neno la uwanjani lilifikaje sokoni mpaka kwa mtu ambaye labda hajawahi kukanyaga uwanja wetu wa Mkwakwani? Mimi jibu langu ni redio. Televisheni Tanzania Bara ilianza mwaka 1994. Kabla ya hapo taifa zima liliutazama mpira kwa masikio, kupitia Radio Tanzania Dar es Salaam. Wakati Coastal Union inachukua ubingwa wa ligi mwaka 1988, mwenye tiketi aliona, na sisi wengine wa Tanga tuliokuwa mbali tulisogezea sikio redio ya mbao juu ya kabati. Mtangazaji wa redio hana picha, lazima akuchoree uwanja kichwani, na uchoraji wake ni wa maneno machache yanayorudi kila dakika: katikati ya dimba, wingi ya kulia, kumi na nane. Sauti yake inapanda kila akifika kwenye hilo la mwisho. “Anaingia kumi na naneee…” na chumba kizima kinasimama, bibi anaacha kuchambua mchele. Neno likishapandishiwa sauti namna hiyo kila Jumamosi kwa miaka, hata asiyejua yadi ni nini anajua kwamba kumi na nane ni mahali ambapo jambo linataka kutokea.

Halikuja peke yake, bila shaka. Aliyekosa kazi anasugua benchi, mwenye maneno mengi anakupiga chenga, na wakati wa uchaguzi mkuu wa 2015 “goli la mkono” lilizungumzwa kila penye kahawa na kashata.

Lakini kuna jambo moja lililonisumbua kwa muda mrefu, na nadhani ndilo lenye utamu kuliko yote haya. Hatari ni ya nani? Uwanjani, mshambuliaji akiingia kumi na nane, anayetetemeka ni mwenye boksi. Ndiyo maana linaitwa eneo la hatari: hatari kwa wanaolilinda. Coastal wakiingia kumi na nane za African Sports, roho juu ni za Sports. Katika msemo wetu mambo yamegeuka juu chini. Mteja wako ndiye mwenye kumi na nane, wewe ndiye uliyeingia, na aliyepatikana ni wewe! Hatari imehama kutoka kwa mwenyeji kwenda kwa mgeni.

Rafiki yangu mmoja aliyecheza namba tisa enzi zake ana maelezo yake. Anasema “kumi na nane zangu” ni maneno ya mshambuliaji, mahali ambapo yeye akipokea mpira hakosi, na aliyeingia humo si adui bali ni mpira. Wewe ni mpira, mteja ni mfungaji. Ni maelezo mazuri na vijana wanaposema “nikikukuta kwenye kumi na nane” nahisi wanawaza hivyo. Lakini tuulize tena ile -angu. Uwanjani kumi na nane ni *za* nani? Mtangazaji akisema “mpira uko kwenye kumi na nane za Coastal” ana maana ya boksi ambalo Coastal wanalilinda, daima. Hakuna anayesema kumi na nane za yule anayeshambulia. Kumi na nane zangu, basi, ni za goli langu.

Na kwenye goli langu nani anaogopwa? Kipa. Yeye ndiye mtu pekee uwanjani mwenye ruhusa ya kushika mpira kwa mikono mchezo ukiendelea, na ruhusa hiyo ina mpaka wa chokaa. Zamani haukuwa huo. Kipa aliweza kudaka popote katika nusu yake ya uwanja, mpaka mwaka 1912 sheria ilipombana ndani ya kumi na nane zake. Nje ya mstari kipa ni mtu kama watu, miguu miwili. Ndani ya mstari ana mikono. Sasa ukimwambia mtu “umeingia kwenye kumi na nane zangu” unamwambia: hapa ulipofika, mimi nina mikono. Kule nje ulinipiga chenga ukitaka, simu hukupokea, ukapita njia ya nyuma, hapa nakudaka. Hiyo ndiyo tafsiri yangu na sijakutana na inayonikaa vizuri zaidi. Namba tisa wangu hajaikubali mpaka leo, lakini yeye na makipa wana kesi ya zamani.

Ndiyo maana pia msemo huu haukai bila mwenyewe. Huwezi kusema “mtaa ule ni kumi na nane” ukiwa na maana kuna vibaka. Watu watasubiri umalizie. Kumi na nane za nani? Ni hatari yenye mwenyewe, yenye jina na uso. Linganisha na mingine tuliyo nayo. “Kuingia choo cha kike” ni kosa la aliyeingia, kafika pasipo pake, kaumbuka. “Kuingia mkenge” ni kudanganywa. “Tundu la simba” limetoka kwenye Biblia, Danieli alipotupwa humo, nalo kwa kawaida mtu husukumwa, hajipeleki. Wavuvi wetu wana dema: samaki huingia kwa mlango mpana, mlango unasinyaa kadiri anavyosogea, na kutoka hawezi. Kwa maana, dema ndilo ndugu wa karibu zaidi wa kumi na nane, tofauti ni kwamba dema limenyamaza chini ya maji na mwenyewe yuko nyumbani kalala. Mwenye kumi na nane yupo, anakutazama, na mara nyingi anacheka.

Kuna “anga” nayo: “usiingie anga zangu”. Hiyo ni onyo kabla hujaingia. Kumi na nane husemwa ukishaingia.

Tanga tulikuwa na mfano wake kabla msemo haujakuwapo. Novemba 1914 Waingereza walishusha askari wapatao 8,000 pwani ya Ras Kazone, wengi wao kutoka India, kuja kuuteka mji kwa Wajerumani waliokuwa na askari wapatao 1,000 tu. Wakashindwa, na katika vurumai ile nyuki wa mizinga iliyotikiswa na risasi wakatoka, wakauma bila kuuliza bendera. Vita hivyo huitwa vita vya nyuki mpaka leo. Wale jamaa waliingia kwenye kumi na nane za watu wawili kwa mpigo, von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, na nyuki, na nyuki hawakuwa na mwamuzi.

Kuhusu matumizi, nikupe tahadhari chache maana uko na wateja kila siku. Kati ya marafiki msemo huu ni utani mtupu, kama wako wa sokoni. Kwenye magazeti ya michezo na ya udaku utauona umeandikwa kwa tarakimu, “aingia 18 za polisi”, hapo ni kukamatwa kweli. Mwanamume akimwambia mwenzake kwamba binti fulani “kajaa kwenye kumi na nane zake”, hapo pana harufu ya kutongozana na si heshima. Ukiusikia namna hiyo una haki ya kukunja uso. Mkwe usimwambie kabisa. Na kwa mtu mzima kuliko wewe, hata kwa utani, subiri aanze yeye. Mteja wako kama ni rika lako alikuwa kwenye mstari, na alishika bega, hakushika kola.

Bado una gauni la watu, kwa hiyo nikuachie silaha moja. Hao wanaojisifia kumi na nane zao wanakumbuka nusu ya sheria. Wanakumbuka kwamba humo ndani wana mikono. Wanasahau kwamba humo humo wakikukwatua, adhabu ni kubwa kuliko mahali pengine popote uwanjani, mpira unawekwa kwenye fundo la pili la kamba na anayepiga ni wewe, kipa peke yake mbele yako. Kwa hiyo akikukamata tena, mwambie: “Sawa dada, nimeingia. Lakini ukinichezea rafu humu ndani, penalti ni yangu.” Akishacheka, mtajie siku gauni litakapokuwa tayari, na iwe siku ya kweli.